Kipindupindu Juu ya Ganda la Kamba

ZUHURA: Karibuni tena. Baraka, ulisema bakteria wa kipindupindu anaweza kuokota DNA ya mwingine akaifanya yake. Mbona haokoti kila saa?

BARAKA: Ana masharti, dada. Kazi hiyo inakula nguvu, na DNA ngeni inaweza kuvuruga jeni zilizokuwa zinakwenda vizuri. Sharti la kwanza, awe juu ya kaitini.

ZUHURA: Hii ya maganda ya kaa na kamba?

BARAKA: Hiyohiyo. Kwao hasa ni majini, na huko hujishika kwenye viumbe wenye maganda. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kuwa akikua juu ya kaitini ndipo anapokea DNA. Kaitini inaamsha protini iitwayo TfoX, nayo inawasha jeni za kuvuta DNA.

ZUHURA: Basi nikimpa ganda, yamekwisha.

BARAKA: Wapi! Kuna suala la idadi. Kila mmoja anatoa molekuli za ishara, na wakisongamana ishara zinakolea, protini nyingine, HapR, inaongezeka. Hapa ndipo ninapopapenda mimi. Wakiwa wachache, wao wenyewe wanatoa kimeng'enya kinachokatakata DNA ya nje. HapR ndiyo inayokizima.

ZUHURA: Kumbe walikuwa wanaiharibu wenyewe!

BARAKA: Enhe. Halafu glukosi: ikiwepo ya kutosha, shughuli inalala.

ZUHURA: Na hiyo DNA, inaelea tu ikisubiri mchukuaji?

BARAKA: Nyingine inaelea. Lakini mwaka 2015 maabara ya Melanie Blokesch kule Lausanne, Uswisi, ilionyesha kuwa TfoX hiyohiyo inawasha na silaha, mkuki wa molekuli wenye sumu, wa kumchoma jirani. Jirani anapasuka, DNA inamwagika, aliyemchoma anaichukua.

ZUHURA: Astaghfirullah! Hata ndugu yake?

BARAKA: Wa ukoo wake wana kinga ya sumu ile. Anayekufa ni wa ukoo mwingine, na huyo ndiye mwenye jeni ambazo muuaji hana.

ZUHURA: Anaivutaje sasa?

BARAKA: Kama mshipi wa mvuvi. Anatoa uzi mwembamba kuliko unywele kwa zaidi ya mara 10,000, ncha inanasa DNA, uzi unarudi. Mwaka 2018 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Indiana waliupiga video ukifanya hivyo.

ZUHURA: Bakteria wote wanataka maganda?

BARAKA: Hapana, kila mmoja na lake. Pneumococcus, yule wa nimonia, anaamshwa na peptidi, yaani kijipande kidogo kama cha protini, ambayo yeye na wenzake wanaitoa. Tena baadhi ya antibiotiki nazo zinamwamsha.

ZUHURA: Subiri. Dawa ndiyo inamwamsha aokote jeni?

BARAKA: Baadhi, ndiyo. Na jeni anazookota zinaweza kuwa za usugu wa dawa.

ZUHURA: Hilo dakika mbili zilizobaki hazilitoshi. Wiki ijayo tunaanza na huyo.