Jumamosi Moja Arimatsu

Nimepewa dakika kumi, ndugu zangu, na nyingi nitazimalizia kwenye fundo moja la uzi.

Kutoka Nagoya, jiji la Japani, unapanda treni ya Meitetsu, na kama dakika ishirini hivi baadaye unashuka Arimatsu. Stesheni yenyewe ya kawaida tu. Nilidhani nimekosea kituo. Hatua chache mbele nikajikuta kwenye mtaa wa nyumba za mbao, mapazia ya buluu yakipepea milangoni. Hiyo ndiyo Tokaido, njia kuu ya zamani kati ya Edo, yaani Tokyo ya leo, na Kyoto.

Kijiji kilianzishwa mwaka 1608 kwenye ardhi isiyofaa kwa kilimo. Watu wangekula nini? Wakafunga vitambaa vya pamba mafundo kwa uzi, wakavichovya kwenye nili, wakawauzia wapita njia. Kitambaa cha kufutia jasho ni chepesi na hakijazi mzigo; msafiri atataka zawadi gani tena? Mwaka 1784 moto ukateketeza karibu kijiji chote, na walipojenga upya wakaacha nyasi, wakaezeka vigae.

Ufundi huo ni shibori, neno lenye maana ya kukamua au kubana. Nawaona mafundi wa batiki pale nyuma wanacheka: si hii hii yetu? Kanuni ni ile ile, palipobanwa rangi haiingii. Tofauti niliiona kwa mama mmoja mzee kwenye ukumbi wa maonyesho. Mbele yake kuna kigingi cha mbao chenye ndoano ndogo. Ananasa kitambaa kwenye ndoano, anakivuta, anakizungushia uzi kuanzia chini kwenda juu, anakaza. Tik. Fundo jingine. Haangalii mikono, anaongea na wageni. Fundo hilo likifunguliwa huacha utando wa buibui, na ndilo jina lake: kumo, buibui.

Kila fundi ana mtindo wake mmoja anaoujua sana. Mchoro hupigwa kwanza kwa rangi inayotoka na maji, kisha kitambaa kinatembea: huyu anafunga, yule anatia rangi, mwingine kazi yake ni kufumua nyuzi tu. Mimi kwetu nimezoea fundi mmoja afanye yote na bado umkute Jumamosi hajamaliza.

Bibi zetu walijifunga kanga zilizochapishwa Japani, kwa hiyo nguo ya Kijapani si ngeni makabatini mwetu. Ila zile zilitoka mashineni, bapa kama karatasi. Shibori halisi hailali. Kila palipokuwa na fundo panabaki kijipembe kimesimama, na hapo ndipo utakapoijua ya kuigiza.

Shibori yangu hii hapa. Niliifua pamoja na mashati meupe, na sasa nina mashati matatu ya buluu. Ipokezaneni, ipapaseni kwa vidole, lakini msiivute ikanyooka. Na naomba inirudie.