Kupata chakula cha msaada Marekani: pantri, WIC, shule na kadi ya SNAP

Wazee wetu, akina mama, akina baba na vijana, habari za jioni. Asanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliotoka kazini moja kwa moja.

Naanza na jambo linalowaumiza watu wetu sasa hivi. Tarehe 4 Julai 2025 ilitiwa saini sheria ya shirikisho iliyowaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye SNAP, ile kadi ya chakula ambayo wengi bado wanaiita fudistempu. Aliyekuwa akiipata anakutana na sheria hiyo siku ya kuhuisha maombi: inakuja barua ya kurasa kadhaa, Kiingereza cha ofisini, na ndani yake neno moja linaloeleweka, kwamba hustahili. Watu wanalisoma neno hilo kana kwamba linahusu chakula chote. Mama anaacha kwenda pantri, pale panapogawiwa chakula bure, anaacha miadi ya WIC, mpango wa chakula kwa wajawazito na watoto wadogo, anaogopa hata fomu ya chakula ya shule ya watoto. Hayo ndiyo yaliyonileta hapa. Sheria ile ilimwondoa mkimbizi kwenye SNAP. Haikumwondoa kwenye pantri, wala WIC, wala chakula cha shuleni, wala boksi la wazee.

Tuanze na pantri, maana huko unaweza kupata chakula wiki hii hii.

Kuna benki ya chakula na kuna pantri. Benki ya chakula ni ghala. Ya kwanza ilianzishwa Phoenix, Arizona, mwaka 1967, na John van Hengel, nayo ni St. Mary's. Leo mtandao wa Feeding America una maghala kama haya takriban 200, yanayopeleka chakula kwenye pantri na majiko ya jamii yapatayo 60,000. Kwa kawaida ghala haligawi mlangoni. Watu wanatafuta benki ya chakula kwenye ramani ya simu, wanapanda mabasi mawili, wanakuta malori na uzio. Unachotafuta ni pantri: chumba cha chini cha kanisa, ukumbi wa msikiti, kituo cha jamii, wakati mwingine shule.

Kuipata, piga 211, simu ya kuelekeza watu kwenye misaada. Ni namba tatu tu, na katika sehemu kubwa ya nchi inapokelewa usiku na mchana. Akipokea mtu, sema neno moja, "Swahili", kisha subiri bila kukata. Atatafuta mkalimani kwa simu, na ukimya wa dakika mbili tatu hauna maana kwamba simu imekatika. Hapo ndipo wengi wetu tunapokata. Ipo pia namba ya taifa ya njaa, 1-866-348-6479, Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku kwa saa za mashariki, lakini hiyo inahudumia kwa Kiingereza na Kihispania, kwa hiyo kaa na kijana wa nyumbani pembeni. Anayesoma mtandaoni aingie kwenye tovuti ya Feeding America na kuandika zipu kodi yake, zile namba tano za mwisho wa anwani.

Waliopitia kambi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale walizoea orodha na siku ya mgao: jina likishaandikwa, zamu yako itafika. Hapa hakuna atakayekuita. Kila pantri ina ratiba yake na mipaka yake, na kusajiliwa katika moja hakukusajili katika nyingine. Kwenda pantri mbili tofauti si wizi wala si udanganyifu, isipokuwa pale wanapokuambia wazi kwamba wanagawana eneo na kila nyumba ichague moja.

Kabla ya kwenda, piga simu uulize: mnafungua siku gani na saa ngapi, mnahudumia zipu kodi zipi, nije na karatasi gani, naruhusiwa mara ngapi kwa mwezi, na je, ni lazima kuja na gari? Hilo la gari linasahaulika. Pantri nyingi hugawa kwa foleni ya magari: unabaki ndani, unafungua buti, wanapakia. Ukifika kwa miguu mahali kama hapo unaweza kurudishwa kwa sababu za usalama, ilhali ungeuliza mapema wangekupangia mlango wa pembeni.

Kuhusu ratiba, nisikilizeni vizuri. Pantri nyingi hufungua "Jumanne ya pili na ya nne ya mwezi". Watu wanatafsiri: kila baada ya wiki mbili. Sivyo. Mwezi wenye Jumanne tano, kutoka ile ya nne hadi ya pili ya mwezi unaofuata ni wiki tatu kamili. Mtu aliyehesabu wiki mbili anafika Jumanne ya kwanza, anakuta mlango umefungwa, anarudi kutangaza kwamba pantri imekufa. Chukueni kalenda ya ukutani, hesabuni Jumanne zenyewe kwa kidole, mzizungushie kalamu mwezi mzima.

Karatasi. Beba kitambulisho chochote chenye jina, barua au bili yenye anwani yako, na orodha ya majina na umri wa watu wa nyumbani. Usipokuwa navyo, nenda hivyo hivyo. Sehemu ya chakula cha pantri hutoka serikalini kupitia mpango unaoitwa TEFAP, na kwa chakula hicho kwa kawaida utaandika jina, anwani, idadi ya watu na kutangaza mwenyewe kwamba kipato chako kiko chini ya kiwango cha jimbo lako. Unatangaza, unaweka saini, basi. Hati ya mshahara haihitajiki kwa chakula hicho, namba ya Social Security haihitajiki. Wakati mwingine mtu wa kujitolea mezani, ambaye labda ni siku yake ya kwanza, anaomba namba hiyo kwa kuwa kuna fomu ya zamani mbele yake. Usigombane naye, wala usiondoke. Mwambie unaomba chakula cha TEFAP, kisha umuombe amwite msimamizi.

Sasa idadi ya watu, ambayo inatuletea shida kubwa kwa sababu tunaishi pamoja. Ndugu wawili wako apatimenti moja, kila mmoja na mke na watoto. Je, ni kaya moja au mbili? Kinachoangaliwa ni sufuria: wanaonunua na kupika pamoja ni kaya moja, na wanaopika mbalimbali ni kaya mbili hata kama kodi wanachangia. SNAP nayo inafuata kanuni hiyo, ila ina nyongeza: mume na mke wanaoishi pamoja, na mtoto aliye chini ya miaka 22 anayeishi na mzazi wake, huhesabiwa pamoja hata wakipika tofauti. Semeni ukweli huo huo kila mahali. Ukiandika watu sita pantri na wanne ofisini, siku moja utaulizwa.

Ukishapata chakula, kitazame. Tarehe ya "best by" kwenye kopo la maharage inahusu ubora, na kopo zima lisilovimba linalika baada ya tarehe hiyo. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga ni tofauti kabisa: tarehe yake ikipita, usimpe mtoto. Kopo lililovimba, linalovuja, au lililobonyea kwenye mshono, tupa bila kulionja. Asiyekula nguruwe asome viambato, siyo picha: pork, ham, bacon, na lard, ambayo ni mafuta ya nguruwe. Makopo mengi ya maharage yaliyoungwa yana bacon, na yale ya maharage ya kupondwa ya Kimeksiko mara nyingi yana lard. Omba maharage makavu. Na akina mama wa ugali, angalieni mfuko wa unga wa mahindi: ukiandikwa self-rising, umeshatiwa chumvi na hamira ya unga, ugali wake haukai. Masa, unga wa mahindi wa Kimeksiko, nayo imepitishwa kwenye chokaa na ladha yake ni nyingine. Tafuteni ulioandikwa cornmeal peke yake. Pale pantri inapokuruhusu kuchagua, acha usichopika, atakipata mwingine.

WIC ni ya mjamzito, ya aliyejifungua kwa miezi 6, ya anayenyonyesha hadi mtoto afikishe mwaka, na ya watoto hadi siku wanayotimiza miaka 5. Kipato kinaruhusiwa hadi asilimia 185 ya mstari wa umaskini wa shirikisho, na mwenye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, huhesabiwa kuwa ametimiza sharti la kipato moja kwa moja. Wanatoa mayai, maziwa, maharage, siagi ya karanga, nafaka, fomula kwa mtoto anayeihitaji, na fedha za matunda na mboga. Mkosi wa WIC ni rafu ya duka: unachukua mkate wa ukubwa usiotakiwa, mashine inakataa, foleni nyuma inakutazama, unaona aibu, hurudi tena. Pakua programu ya WIC ya jimbo lako na uskani msimbo wa bidhaa kabla ya kuiweka kwenye troli. Na usiruke miadi, wala usichelewe kununua, kwa kuwa chakula cha mwezi usichonunua hakihamii mwezi unaofuata.

Chakula cha shuleni sitakaa nacho sana. Shule nyingi zenye wanafunzi wa kipato cha chini zinalisha wote bure bila fomu. Kwingineko jazeni fomu mwezi wa nane, na mkipoteza kazi katikati ya mwaka jazeni upya siku hiyo hiyo. Wakati wa likizo kubwa kuna vituo vinavyolisha watoto hadi miaka 18 bila kuandikishwa, 211 wanavijua.

Turudi kwenye SNAP, maana si wote hapa waliofungiwa. Mtoto aliyezaliwa Marekani ni raia, na mzazi asiyestahili anaweza kumuombea mtoto wake. Kipato cha mzazi kitaangaliwa, lakini yeye hajiombei. Mkimbizi akishapata kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, anaweza kuomba mara moja, bila ile miaka mitano wanayosubiri wahamiaji wengine wengi. Ofisi ina siku 30 za kujibu, na ni siku 7 tu ikiwa kipato cha mwezi hakifiki dola 150 na akiba haizidi dola 100, au kodi na bili za nyumba zinazidi kipato na akiba kwa pamoja. Omba huduma hiyo ya haraka kwa maneno. Kiwango cha juu kwa watu wanne tangu Oktoba 2025 ni dola 994 kwa mwezi, katika majimbo yote isipokuwa Alaska na Hawaii.

Maombi mengi hufia kwenye usaili wa simu. Namba inayopiga haijulikani, unaogopa matapeli, hupokei. Ukikosa, piga wewe, ndani ya siku 30 hizo, uombe siku nyingine na mkalimani. Mkalimani ni bure na ni haki yako. Msimtumie mtoto wa miaka kumi kueleza mshahara wa baba yake.

Wezi huweka vifaa vya kunakili kadi kwenye mashine za madukani, na tangu Desemba 2024 serikali ya shirikisho hairudishi tena fedha za SNAP zilizoibwa. Badilisha namba ya siri kila mwezi, siku moja kabla ya fedha kuingia.

Mwisho, wazee wetu na wagonjwa wasioweza kusimama foleni. Aliyefikisha miaka 60 na mwenye kipato kidogo aulize pantri kuhusu boksi la wazee, linaloitwa CSFP. Hutolewa kila mwezi. Na kwa pantri au boksi, mtu mwingine anaweza kumchukulia mradi mhusika ameandika. Karatasi ya kawaida inatosha: jina la mzee, anwani, idadi ya watu nyumbani, jina la anayetumwa, tarehe na saini. Anayetumwa abebe kitambulisho chake. Pantri nyingine hutaka karatasi mpya kila mwezi, nyingine huitunza mwaka mzima, kwa hiyo aulize siku ya kwanza anapoiacha. Karatasi tupu na kalamu ziko pale mezani karibu na mlango. Aliye na mzee nyumbani aje tumwandikie sasa hivi, akaitie saini nyumbani.