Namba ya Ini Imeshuka, Sasa Niache Dawa?

BARAKA: Haya wasee, karibuni tena. Mimi ni Baraka, Shiko yuko hapa, na leo ni mambo ya ini kwa sababu inboksi imejaa watu waliopimwa ugumu wa ini wakapewa karatasi na namba, basi, wakaambiwa next.

SHIKO: Si nianze na huyu msikilizaji wa mtaa wa Umoja. Ana hepatitisi B, anameza tenofovir, ile dawa ya kunyamazisha virusi, alipimwa kabla ya kuanza akapata 14, baada ya mwaka akapata 8.9, sasa anauliza kama anaweza kuacha...

BARAKA: Asiache!

SHIKO: Aki ungeniacha nimalize.

BARAKA: Pole dada, lakini hiyo lazima nimkate hapo hapo, kwa sababu ukiacha hizo dawa kiholela virusi vinaweza kurudi kwa kishindo na ini likawaka vibaya kuliko mwanzo.

SHIKO: Sawa. Kwanza hiyo 14 ni ya nini, maana wengi wanadhani ni asilimia.

BARAKA: Ni kilopaskali. Unajua vile ukienda kwa mama mboga unabonyeza avokado kujua kama imeiva? Ni hivyo, ila hapa hakuna mtu anabonyeza. Mashine inatuma mtikisiko mdogo, wimbi linapita ndani ya ini, ultrasaundi inalifuata kupima mwendo wake. Ini likiwa gumu wimbi linakimbia, likiwa laini linajikokota. Ini lenye afya huwa hapo kwa 5 hivi.

SHIKO: Na haiumi. Unalala chali, mkono wa kulia nyuma ya kichwa, shati juu, unapakwa ile jeli baridi kati ya mbavu halafu unasikia tap, tap, kama mtu anakugonga na kidole. Kwa FibroScan, ndiyo hiyo mashine ya mtikisiko, wanachukua vipimo 10 vizuri, ile unaletewa ni ya katikati. Uliza pia kama vilikaribiana, maana vikitawanyika sana hiyo namba ni ya kubahatisha.

BARAKA: Sasa turudi Umoja. Shirika la Afya Duniani, mwongozo wao wa 2024 wa hepatitisi B, unasema zaidi ya 7 ni makovu ya kutosha kuhitaji dawa, zaidi ya 12.5 ni sirosisi, yaani makovu yamejaa ini. Kwa hiyo mtu wetu alianzia kule kwa sirosisi.

SHIKO: Na ametoka, si ndiyo? Yuko 8.9.

BARAKA: Hapo ndipo watu wanajidanganya. Mashine haipimi makovu peke yake, inapima ugumu, na ini lililovimba ni gumu pia. Ukianza dawa virusi vinanyamaza, uvimbe unapungua, namba inaporomoka haraka miezi ya kwanza. Makovu yenyewe yanaweza kupungua, ndio, lakini hiyo ni kazi ya miaka.

SHIKO: Kwa hivyo dawa inafanya kazi, ila asiseme amepona.

BARAKA: Eeh. Na kama alikuwa na sirosisi, ile ultrasaundi ya kutafuta saratani kila miezi sita inaendelea, hata namba ikishuka vipi. Wa hepatitisi C ndio huwa wanapotea, kwa sababu wao wanameza dawa wiki 12, wanaambiwa virusi vimeisha, na kweli vimeisha, halafu kliniki haiwaoni tena, hata wale wenye sirosisi.

SHIKO: Mimi kile kinaniudhi ni hii ya kupimwa ukiwa umetoka kula. Mtu anapitia chapati maharagwe ndio aingie pale Upper Hill, na chakula kinaongeza damu inayopita kwa ini, namba inapanda. Kaa bila kula angalau masaa matatu, jamani. Na pombe pia, na moyo ukiwa dhaifu, zote zinapandisha.

BARAKA: Na usilinganishe mashine mbili tofauti! Mwaka jana FibroScan, mwaka huu ile elastografia, yaani kipimo cha ugumu kilicho ndani ya ultrasaundi ya kawaida, halafu unasema imepanda. Hazisomi sawasawa. Piga picha karatasi zako zote, ziandike ni mashine gani.

SHIKO: Kuna mwenye maji tumboni anauliza kwa nini FibroScan ilikataa kabisa.

BARAKA: Huo mtikisiko haupiti majini. Aulize daktari kuhusu ile ya ndani ya ultrasaundi, hiyo mara nyingi inasoma hata kukiwa na maji.

SHIKO: Sawa, twende kwa huyu wa ini la mafuta, ameandika kurasa mbili nzima.