Lile Gari la Macho Matatu Si Langu, Jamani

Habari zenu wapendwa. Leo nimekuja na jambo moja: lile gari la zamani lenye taa tatu mbele, nililopiga nalo picha nikaiweka hapa, si langu! Kila nikiweka video, swali ni lilelile: "Kaka, umeshauza Corolla ukanunua lile?" Ile picha nimepiga kwenye makumbusho ya magari pale Hershey, Pennsylvania, huku Marekani. Nimelipa kiingilio kama wengine, nikasimama nje ya kamba. Mjomba wangu alipoiona tu akaomba ada ya watoto watatu, na mpaka leo hapokei simu yangu.

Linaitwa Tucker, la 1948. Yalitengenezwa 51 tu, kule Chicago. Lile jicho la katikati, yaani taa ya tatu, linafuata usukani: ukikata kona nalo linageuka, linamulika unakoelekea. Injini iko nyuma, na asili yake ni ya helikopta, wakaibadilisha ipoozwe kwa maji.

Filamu ya mwongozaji Coppola ya 1988 kuhusu gari hili mmeiona, Jeff Bridges ndiye anayeigiza Tucker mwenyewe, mwenye kampuni, sirudii. Mimi kinachoniuma ni kesi yake na makaratasi. Preston Tucker aliwauzia watu redio na kava za viti, gari lenyewe bado halijatoka kiwandani, eti uwahi nafasi kwenye foleni. Hapo, tusidanganyane, hata mimi ningeshtuka. Serikali ikamshtaki kwa utapeli. Januari 1950 wazee wa baraza wakamwona hana hatia, yeye na wenzake, lakini kiwanda kilikuwa kimeshakufa.

Namwelewa. Kadi ya Corolla yangu ilikosewa herufi moja ya jina. Herufi moja! Miezi minne dirisha hili linanituma dirisha lile, huku nalipia bima ya gari ambalo limepaki tu. Nikisema, naambiwa nalalamika na huku nakula dola. Haya.

Wa bei: moja lilinadiwa 2012 kwa zaidi ya dola milioni 2.9. Wa "nitumie hata la kuchakaa": ushuru wa uchakavu, ule wa kuingiza gari kuukuu nyumbani, mnaujua kuliko mimi, tusipotezeane muda.

Je, ninunue gari la zamani huku? Mimi binafsi, kwa kipato changu, hapana. Wewe angalia mfuko wako, usije ukasema fulani ndiye aliyenishauri.

Na Corolla ipo, sijaiuza. Ina jicho moja tu kwa sasa, taa ya kushoto imeungua tangu Jumatatu.