Achari ya embe ya kupika: tunaitia chupani ikae mpaka masika

Asalaam alaykum jamani, karibuni jikoni. Leo napika achari ya embe, ile tamu yenye zabibu na pilipili, kisha tunaitia chupani na kuzichemsha chupa zenyewe, ikae kabatini bila friji mpaka masika, embe zitakapokuwa zimekwisha sokoni. Simu ameshika wifi yangu. Wifi, wasalimie watu. Haya, kaona haya, tuendelee.

Kaskazi imepamba moto, embe zimejaa Darajani, zimejaa Mwanakwerekwe, zimejaa na majumbani. Mgeni akija anakuletea embe, na wewe ukenda kwake unampelekea embe. Baada ya siku mbili nusu yake zinaoza uani. Mie kuona embe inatupwa roho inaniuma kweli kweli, ndiyo maana video hii naipenda kuliko zote.

Embe tunayotaka ni iliyokomaa lakini bado ngumu. Boribo inafaa sana, dodo inafaa. Ukiibonyeza isibonyee. Ikishaiva ile, kuleni, au tieni kwenye juisi, kwa achari hii itarojeka. Kumenya na kukata mnajua, siwachoshi: vipande vidogo vya kama sentimita moja. Ila wenye ngozi laini pakeni mafuta mikononi kwanza, utomvu wa embe unawasha, na usijishike machoni kabla hujanawa.

Vipimo hivi hapa. Kikombe changu ni cha mililita 240, na natumia hicho hicho kimoja kupimia kila kitu. Embe zilizokatwa vikombe 11. Sukari vikombe 4 na nusu. Siki nyeupe vikombe 3. Vitunguu maji vilivyokatwa vikombe 2 na nusu. Zabibu kavu vikombe 2 na nusu. Tangawizi mbichi iliyokunwa vijiko 2 na nusu vya kulia, thomu iliyopondwa kijiko kimoja na nusu cha kulia, chumvi kijiko cha chai kimoja, pilipili ya unga vijiko 4 vya chai. Mie naongeza kijiti cha mdalasini na karafuu punje nne tano, kwa sababu achari isiyonukia karafuu nyumbani kwetu hailiwi. Punje nne tano tu! Karafuu ukiizidisha inakuwa dawa ya jino.

Inatoka chupa sita hivi za karibu nusu lita. Ukiona nyingi, gawa kila kitu nusu. Kila kitu, siki nayo.

Sasa siki. Hapa naomba tusikilizane, kwa sababu kila nikiweka video ya kutia vitu chupani naulizwa: mbona siki nyingi, nipunguze? Usipunguze. Siki ndiyo inayoilinda hii achari. Kuna bakteria anaitwa Clostridium botulinum, anapenda mahali pasipo hewa, na ndani ya chupa iliyofungwa hakuna hewa. Maji yanayochemka hayaziui mbegu zake. Anachoshindwa nacho ni ukali wa tindikali: wanaopima chakula wana kipimo cha ukali huo, kinaitwa pH, kikiwa chini ndiyo ukali umezidi, na wanasema pH ikiwa chini ya 4.6 hawezi kukua wala kutoa sumu yake. Na sumu hiyo huioni, huinusi, huionji. Kwa hiyo siki tunaipima kwa kikombe, hatukisii kwa jicho.

Na iwe siki ya dukani iliyoandikwa tindikali asilimia 5. Wifi, sogea, waonyeshe hapa kwenye lebo. Mnaona? 5%. Chupa isiyoandikwa chochote iache kwa kazi nyengine. Siki ya mnazi ya kutengeneza nyumbani ni tamu, kwenye kachumbari naitia kila siku, lakini ukali wake leo si wa kesho, humu siitii. Ndimu vile vile: moja kali, moja maji matupu. Kamulia sahanini wakati wa kula.

Na vitunguu, thomu na tangawizi mbichi msivizidishe kupita hapo nilipotaja, kwa sababu hivyo vinaupunguza ukali. Ukitaka iwashe zaidi, ongeza pilipili kavu ya unga. Na kuna dada aliniuliza kama aweza kutia tui la nazi. Dada yangu, tui zuri, lakini tui la chupa hii hapana. Wala mafuta. Achari ya jua, ile ya mafuta na hardali, ina utaratibu wake, hiyo haichemshwi namna hii.

Tuanze kupika. Sufuria iwe ya stenlesi. Hizi zetu za alumini siki inazila, na achari inapata ladha ya bati. Tia siki, tia sukari, koroga, ichemke dakika tano. Msiinamie sufuria, mvuke wa siki unapanda puani mpaka kisogoni.

Wifi, umeinamia. Nimesema nini sasa hivi? Haya, lenzi imeingia mvuke, ngojeni aipanguse.

Tumerudi. Tia kila kilichobaki: embe, vitunguu, zabibu, tangawizi, thomu, chumvi, pilipili, viungo. Ngoja ichemke tena, kisha punguza moto, iive polepole dakika 25, unakoroga kila baada ya muda ili chini isigande. Mwisho embe inakuwa inang'aa, imekuwa kama kioo pembeni, na zabibu zimevimba.

Katika hizo dakika 25 msikae. Sufuria nyengine kubwa, refu, iko jikoni na maji yanapata moto. Chini nimetandika kitambaa kilichokunjwa, ili chupa zisikae juu ya chuma kitupu. Humo humo ndimo zilimo chupa zangu, zimeshaoshwa kwa sabuni, zinapata joto. Chupa iwe ya moto kwa sababu achari ni ya moto. Achari ya moto ndani ya chupa baridi ni chupa iliyopasuka na embe chini.

Chupa zenyewe: za kioo kizito, mdomo mpana, zisizidi nusu lita, na vifuniko vipya. Chupa ya mayonezi ya zamani mwekee bibi pilipili manga yake, usiilete hapa. Kifuniko kilichokwisha kutumika, ule mpira wake wa ndani umeshaacha alama, haushiki mara ya pili. Mie nauza chupa hizi na vifuniko vyake vya akiba, lakini popote utakapopata zenye vifuniko vipya vinavyoshika, ni sawa tu.

Sasa kamera ije karibu. Karibu zaidi, wifi. Hapa ndipo kazi yote inapoharibika, kwa hiyo nitasema polepole na nitarudia.

Natoa chupa moja, namwaga maji yake, nachota achari kwa upawa, natia. Nasimama hapa. Angalieni: nimeacha nafasi juu, sentimita moja na kidogo. Usijaze mpaka mdomoni. Usijaze! Ukijaza, ikichemka itapanda, itatoka, itakaa baina ya mdomo wa chupa na mpira, na kifuniko hakitashika. Na usiache nusu chupa tupu nayo, hewa itakuwa nyingi. Sentimita moja na kidogo.

Napitisha kijiti safi cha mbao pembeni, ndani, ule upovu wa hewa utoke. Unaona unapanda? Ukishatoka achari inashuka kidogo, naongeza ifike pale pale.

Sasa mdomo wa chupa. Chukua kitambaa safi, kichovye maji ya moto, kikamue, futa mdomo mzima. Zunguka. Zunguka tena. Achari hii ina sukari, inanata, na tone moja tu la sukari usiloliona linatosha. Pitisha kidole safi juu yake: kisinate, kisikwaruze.

Ngoja. Wifi, lete taa hapa. Mnaiona hii? Mdomo wa chupa hii una pengo, kipande kidogo kabisa kimemeguka. Kwa macho sikukiona, kidole ndicho kilichokiona. Chupa hii haiendi. Naimwagia achari yake bakulini, tutaila leo. Ndiyo maana nasema pitisha kidole.

Basi tuendelee na nyengine. Futa mdomo. Weka kifuniko, funga kwa ncha za vidole, ikigoma acha. Usiikaze kwa nguvu za kufungulia nazi, hewa ya ndani inataka njia ya kutokea. Na nyengine hivyo hivyo: nafasi juu, upovu, futa mdomo, kidole, kifuniko. Hata ukiwa na haraka, hata watoto wanalia, futa mdomo.

Zote ziko sufuriani. Maji yazifunike mpaka juu ya vifuniko, yapite kama sentimita mbili na nusu. Yakipungua ongeza ya moto, si ya bombani. Funika sufuria. Na saa inaanza kuhesabiwa maji yanapochemka kwa nguvu, si pale unapotia chupa. Dakika 10.

Dakika 10 hizo ni zetu sisi watu wa pwani. Hapa Unguja tuko usawa wa bahari, maji yanachemka nyuzi 100. Ukipanda juu yanachemka kabla ya kufika hapo, kwa hiyo ndugu zangu mlioko Arusha na Nairobi chemsheni dakika 15. Wenye kukaa juu ya mita 1,800 na kitu, dakika 20. Shangazi yangu yuko Arusha, namjua, ataniuliza. Shikamoo shangazi, dakika 15.

Zimetimia. Zima moto, fungua kifuniko cha sufuria, ziache dakika tano zipoe kidogo. Zitoe wima kwa koleo, usiziinamishe. Ziweke juu ya taulo, mbali na dirisha lenye upepo, ziachane achane. Na usiziguse. Usikaze vifuniko, usizipindue, usibonyeze katikati kutaka kujua. Ziache mpaka kesho wakati kama huu.

Sikilizeni. Mmesikia hiyo? Tak! Hicho ni kifuniko kinavutwa ndani. Na nyengine hiyo. Mie sauti hiyo naipenda, siondoki jikoni mpaka nizisikie zote.

Haya, ni asubuhi ya pili. Bonyeza katikati ya kifuniko. Hii imetulia, haichezi. Hii imetulia. Hii… mmeona? Inashuka inapanda, tik tik. Hii haikushika. Si hasara: inaingia friji na inaliwa kwanza. Au kabla ya saa 24 kupita, unaipasha moto achari yake, chupa safi, kifuniko kipya, na dakika 10 nyengine. Usiiweke kabatini ukasema itajishika yenyewe.

Zilizoshika zioshe kwa nje, zina utando wa sukari na sisimizi wetu hawalali. Andika tarehe. Weka mahali pa kiza na baridi, si juu ya friji wala karibu na jiko, jua la kaskazi linatosha. Mwaka mmoja iko vizuri. Siku ukifungua ukakuta kifuniko kimevimba, au inafoka, au inanuka vibaya, tupa, na usionje. Ukishafungua nzima, ni friji.

Na kula je? Ile ya bakuli na hii iliyogoma ndizo tulizochukua Jumapili pwani, Fumba, wifi na wanawe, shemeji, majirani, na rafiki zangu wa skuli. Kaka kaleta kolekole wawili wakubwa, tukawachoma kwa makaa ya vifuu, na mihogo ya kuchoma pembeni. Samaki msimtie viungo vingi, chumvi, thomu na ndimu tu, kazi yote iachieni achari. Pakeni juu anapotoka motoni, si akiwa motoni, sukari inaungua. Kwa mkate wa mofa nayo ni tamu, na mjomba kaila kwa chapati kavu mpaka bakuli likawa jeupe.

Wengine wameniuliza kama waweza kufanya hivi hivi kwa tungule. Waweza, lakini tungule ukali wake uko mpakani, zinataka kuongezwa tindikali kwa kipimo chake na kuchemshwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo msichukue dakika 10 hizi mkazitia kule. Hiyo nitaifanya peke yake. Wenye kutaka chupa na vifuniko niandikieni hapa chini mseme mnataka ngapi, na mlioko Pemba semeni Wete, Chake au Mkoani, nijue zinapanda boti ya siku gani.