Jeki Inanyanyua, Haishikilii

Haya sogeeni mbele kidogo, na wenye daftari andikeni namba tu, mengine mtayakumbuka. Leo tunaongelea kunyanyua motahomu, yani lile gari la ukubwa wa basi lenye kitanda na jiko na choo ndani, na mwenyewe kaamua service aifanye yeye, apige grisi, aangalie breki, abadilishe tairi. Mi sipingi kabisa mtu kujifanyia service, ninachopinga ni mtu kulala chini ya tani 14 zilizoshikiliwa na oili.

Nasema oili kwa sababu ndo kitu kilichopo mle kwenye jeki ya chupa. Unapopampu unasukuma oili kutoka kwenye pistoni nyembamba kwenda kwenye pistoni nene, ndo maana mkono wa mtu mmoja unaweza kunyanyua tani 20. Ila ikishapanda, kinachoizuia isishuke ni gololi ndogo ya chuma iliyokalia tundu lake, na mpira mwembamba unaozunguka pistoni. Punje ya mchanga ikinasa chini ya gololi, au mpira ukachanika, oili inarudi ilikotoka na gari linashuka nayo, na halipigi honi kwanza. Kwa hiyo jeki ni ya kunyanyulia. Kushikilia ni kazi ya chuma au mbao, kitu kigumu kisicho na maji wala upepo ndani yake.

Sasa hapa ndo watu wengi wa motahomu wanaponiangalia kwa mshangao, maana gari lao limekuja na miguu yake ya kusawazisha, ile minne ya hydroliki, unabonyeza kitufe linanyooka lenyewe. Wanasema si nilinyanyue na hiyo miguu tairi zitoke chini, kisha niingie? Hapana. Hiyo nayo ni oili, tena ina hozi na valvu za umeme juu yake, na imetengenezwa gari likae sawa ukiwa umelala kitandani sio ukiwa umelala chini ya ekseli, lile chuma la kukingama linalobeba magurudumu. Zaidi ya hapo ule mguu umesimama kama fimbo, gari likisogea mbele hata kidogo unapinda, na tairi za nyuma zikishaachana na ardhi basi breki ya kuegeshea nayo haina kazi tena.

Breki hii nataka tuikalie kidogo. Motahomu za dizeli zenye breki za upepo, ukivuta kile kitufe springi ndo zinashika, na kwa kawaida zinashika ekseli ya nyuma tu. Nyanyua ekseli nzima ya nyuma, gari linabaki limesimama juu ya tairi za mbele ambazo zinazunguka bila kizuizi. Halafu kuna motahomu nyingine, hasa za petroli, hendibreki yake inashika propela shafti, lile bomba refu linalopeleka mzunguko kwenye ekseli ya nyuma, na sio magurudumu. Hiyo ndo mbaya zaidi kwa mtu asiyejua, sababu ukinyanyua tairi za upande mmoja tu wa nyuma, difu, yani yale magia katikati ya ekseli yanayogawa mzunguko kulia na kushoto, inaruhusu upande ulio hewani uzunguke huku na ulio chini uzunguke kule, shafti imefungwa vizuri kabisa na gari linaondoka. Hendibreki imevutwa mpaka mwisho na gari linaondoka! Kwa hiyo kabari ziwekwe kwenye tairi ambazo hazinyanyuliwi, mbele na nyuma ya tairi, pande zote mbili za gari, na uzigonge zikae, sio kijiwe ulichookota tu hapo.

Kabla hujafika kwenye jeki jua unanyanyua nini. Pima gari kwenye mizani ekseli moja moja likiwa limepakiwa kama unavyosafiri nalo, au angalau soma kile kibati kinachosema kila ekseli inaruhusiwa kilo ngapi. Ekseli ya nyuma ya motahomu kubwa inaweza kubeba tani 9, maana yake kila upande una tani 4 na nusu, na hapo mi sichukui jeki ya tani 5, nachukua ya 12 au 20, na stendi, yani ile miguu ya chuma inayoshikilia gari likishanyanyuliwa, vilevile. Na kwenye stendi soma maandishi vizuri, zingine uzito ulioandikwa ni wa jozi, sio wa moja moja. Tangi la maji kama lina lita 400 hizo ni kilo 400, mwaga. Vile vyumba vinavyotoka ubavuni virudishe ndani. Watu wote na wanyama watoke, na funguo toa uweke mfukoni mwako mwenyewe, maana mtu akiingia kuwasha redio tu anaweza kuamsha mfumo wa kusawazisha na gari likaanza kujirekebisha wewe ukiwa chini.

Ardhi iwe zege, iliyo sawa. Lami inakudanganya, asubuhi ngumu mchana laini, mi mwenyewe nishawahi kuacha stendi juu ya lami nikaenda kula nikarudi nakuta mguu mmoja umezama kama kidole kwenye unga, gari limeegemea upande na sikuwa nimeligusa. Tangu siku hiyo kama hakuna zege naweka bamba nene la chuma au mbao pana chini ya kila jeki na kila stendi. Kwenye changarawe na udongo hata hilo halinitoshi, nahamisha gari.

Sasa upepo. Motahomu nyingi kubwa hazina springi za chuma, zinakaa juu ya mabaluni ya upepo, na hapa ndo naomba mnisikilize kuliko pote. Mtu anaweka stendi nzuri kabisa chini ya ekseli, anatingisha, imara, anaingia. Lakini stendi imeshika ekseli tu! Bodi na chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba bodi, yani karibu gari lote, bado limekaa juu ya baluni. Baluni ikivuja, au bega lako likagusa kile kimkono cha valvu inayopima gari liko juu kiasi gani, upepo unatoka na chesisi inashuka sentimita 10 au zaidi kwa muda mfupi kuliko wa wewe kugeuza kichwa. Pale chini ulikuwa na nafasi ya kifua chako tu. Kwa hiyo kwenye gari la mabaluni stendi zinakaa chini ya chesisi, sehemu ambazo mtengenezaji kazionyesha kwenye kitabu, na ukishaziweka unamwaga upepo wote makusudi ukiwa nje, gari likae chini mpaka mwisho wake. Likishafika mwisho halina pa kuanguka tena. Kama kazi yako ni ya kutoa tairi, basi ekseli nayo iwekee stendi zake, mbali na zile za chesisi.

Mnyanyuo wenyewe sina maneno mengi. Nati za tairi zilegeze gari likiwa bado chini. Jeki iwe wima, chini ya ekseli karibu na springi, isiwe katikati kwenye nyumba ya difu, na chuma kwa chuma kinateleza kwa hiyo weka kipande cha mbao ngumu juu ya kichwa cha jeki. Nyanyua mbele yote au nyuma yote kidogo kidogo, kulia na kushoto kwa zamu, ukinyanyua kona moja peke yake juu sana chesisi inajikunja na kioo kikubwa cha mbele kinapasuka. Kila ikipanda kidogo stendi ifuate. Halafu ishushe ikae juu ya stendi kabisa, jeki iache pale imegusa tu kama ya akiba, usiitegemee.

Kama huna stendi za kutosha panga mbao. Magogo yaliyochongwa ya sentimita 15 kwa 15, urefu sentimita 60, mawili hivi mawili vile mpaka juu, ncha zitokeze sentimita 10 nje ya makutano, na urefu wa mnara usizidi mara mbili ya upana wa chini. Matofali ya zege hapana, sitaki hata kuyaona, yale yana matundu katikati na yakipokea uzito kwenye ncha moja yanasambaratika mara moja. Mbao ikizidiwa inalia, inatoa sauti, inabonyea, unapata muda wa kutoka. Tofali halilii.

Halafu kabla hujaingiza hata mkono, sukuma gari kwa bega, kwa nguvu, pande zote. Likicheza shusha uanze upya, usiweke kabari juu ya kosa. Kuna dada pale nyuma aliuliza kabla hatujaanza, kama yuko peke yake afanyeje. Dada yangu, kazi za pembeni, kama tairi ya nje, unaweza ukiwa umeshaweka stendi, ila ya kuingia chini usiifanye mpaka uwe na mtu aliyesimama nje anayejua jeki iko wapi, anajua namna ya kuipampu, na ana simu mkononi. Kama leo hayupo kazi ingoje kesho, grisi haiozi.

Na mkimaliza, hesabuni vifaa vyote vimetoka chini, nyanyueni kidogo stendi zitoke, shusheni taratibu, nati mzikaze kwa spana ya kupimia kwa mpangilio wa nyota, yani ukikaza moja unarukia ya upande wa pili, kisha mzirudie tena baada ya kilomita 80 mpaka 160 maana zinalegea zikishakaa. Lile gari pale nje nimelipaki kwenye zege na kabari nimeshaweka. Wanne wa kwanza njooni, kila mmoja anionyeshe angeweka stendi wapi, na asiguse jeki kabla hajaniambia baluni ziko wapi.