Sayari Iliyokuwepo na Sayari Isiyokuwepo

Ndugu wasikilizaji, swali tulilopewa jioni hii ni kama binadamu anaweza kuujua ukweli wenyewe, ule usiobadilika eti kwa sababu ya nani anautazama. Jibu langu ni ndiyo, anaweza. Lakini hoja ya wanaokataa si ya kubezwa, kwa hiyo nianze nayo.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliieleza vizuri kuliko wengi. Jicho huiona nyota kuwa ndogo kama dinari, kisha hoja za jiometri zinathibitisha kuwa nyota hiyo ni kubwa kuliko dunia. Akili imemkadhibisha shahidi tuliyemwamini. Sasa nani atatuhakikishia kwamba juu ya akili hakuna hakimu mwingine, ambaye siku akijitokeza ataikadhibisha na yenyewe? Swali zito hilo, na sidhani kuna aliyelimaliza. Ila tazameni linasimama juu ya nini: nyota ni kubwa kweli. Bila kulijua hilo, tusingejua kama jicho limekosea.

Sasa niwapeleke Paris, kwa mwanahisabati Urbain Le Verrier. Sayari ya Uranus ilikuwa haifuati njia ambayo kanuni za Newton ziliipangia. Le Verrier akasema lazima kuna sayari nyingine inayoivuta, akapiga hesabu mahali ilipo, akaandika barua Berlin. Barua ilifika tarehe 23 Septemba 1846. Usiku uleule mwanaastronomia Johann Galle akaelekeza darubini angani, msaidizi wake akilinganisha na ramani ya nyota, na wakakuta nuru isiyokuwemo kwenye ramani, pungufu ya digrii moja kutoka pale alipopataja Le Verrier. Ndiyo Neptuni.

Miaka 13 baadaye, Le Verrier huyohuyo akatangaza kwamba Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua, nayo ina kasoro. Mzingo wake, yaani njia yake ya kulizunguka Jua, unageuka kidogo zaidi ya inavyotakiwa. Leo tunajua ziada hiyo ni sekunde 43 za pembe kwa karne nzima, na digrii moja tu ina sekunde 3,600. Akatoa jibu lilelile: kuna sayari iliyojificha karibu na Jua. Ikapewa jina, Vulcan. Wakajitokeza hata watu waliosema wameiona. Le Verrier alifariki mwaka 1877 akiiamini. Haikuwepo. Ziada ile ilipata maelezo Novemba 1915, Albert Einstein alipoonyesha kwamba kanuni ya mvutano yenyewe ndiyo iliyohitaji kubadilishwa.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie. Mtu ni mmoja, hesabu ni za namna moja, na imani yake haikupungua. Mara ya pili alikuwa na sifa kubwa zaidi, kwa hiyo kama ukweli ungekuwa makubaliano ya wakubwa, Vulcan ingestahili kuwepo kuliko Neptuni. Kilichotofautisha sayari hizi mbili hakikuwa ndani ya kichwa cha Le Verrier, wala katika lugha yake au zama zake. Anga lilimkubalia mara moja, likamkatalia mara moja. Anayeniambia kwamba kila mtu ana ukweli wake, namwomba anieleze lile katazo lilitoka wapi.

Najua mtaniuliza: na Einstein je, hawezi kuja kupinduliwa? Anaweza. Sidai kwamba tunajua yote, wala kwamba tunachokijua hakina hatari ya kusahihishwa. Lakini angalieni masharti ya kumpindua. Einstein hakuruhusiwa kuipoteza Neptuni. Ilibidi kanuni yake irudishe karibu kila hesabu ambayo Newton alikuwa amepatia. Na atakayekuja baada yake, awe wa kabila lolote na wa karne yoyote, atadaiwa zile sekunde 43.